Bomba Nililolifunga

Wakati wa likizo ya baridi, nyumbani kwetu katika mji wa Jecheon hakikutupwa kitu. Maji yaliyooshewa mchele, Bibi, mama yake baba, aliyatia kwenye mchuzi wa maharage, na yaliyobaki akamwagilia maua. Madirishani tulibandika plastiki ya vipovu, ile inayofungiwa vyombo vya kioo, ili baridi isipenye. Asubuhi mama alipokwenda kazini katika kiwanda cha tofu, ile jibini ya soya, mimi na Bibi nasi tulitoka. Bibi alikwenda ukumbi wa wazee wa mtaa, ambako sakafu hupashwa moto bila wazee kulipa, nami nikaenda maktaba.

"Moto wa bure hauna mfano," Bibi alipenda kusema akivaa soksi za pili juu ya za kwanza.

Baba alikuwa kusini akijenga barabara, na majira hayo kazi zilikuwa haba. Mama alikuwa amesema wazi kwamba gesi ya kupasha nyumba moto ndiyo inayotumaliza. Basi mwalimu wangu alipotupa kazi ya likizo ya kubuni njia za kubana matumizi nyumbani, niliipokea kwa mikono miwili. Nilizima taa watu wakiwa bado chumbani. Siku moja nilichomoa waya wa jiko la wali kabla wali haujaiva. Bibi alicheka, akanipa cheo.

"Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya," aliniambia mbele ya mama, "naomba kibali cha kuwasha taa ya choo. Nitakuwa mwepesi."

Mama hakucheka sana. Siku hizo alikuwa akimtazama Bibi kwa wasiwasi. Mwezi uliopita Bibi alikuwa ameunguza sufuria, na miwani yake ikaja kuonekana ndani ya friji, kando ya kimchi, kabichi yetu iliyochachushwa kwa pilipili.

Kisha ikaja ile Jumanne. Kipaza sauti cha mtaa kilitangaza kwamba baridi itakuwa kali kupita kiasi na kila nyumba iache bomba likitiririka kidogo. Bibi alifungua bomba la jikoni, maji yakatoka membamba kama uzi. Kisha akatoka nje kuvaa viatu. Mimi nilibaki nyuma nikitafuta glavu zangu, nikayasikia yale maji. Tii, tii, tii. Kila tone liliniuma. Mwenzenu nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu katika daftari la likizo: haba na haba hujaza kibaba. Nikalifunga bomba. Nikaiona na boila, ile inayochemsha maji yanayopita chini ya sakafu. Nani hupasha moto nyumba isiyo na mtu? Nikaizima kabisa. Nikatoka na kufunga mlango, nimejaa fahari.

Tuliporudi alasiri, nyumba ilikuwa imekufa ganzi. Sakafu ilikuwa baridi hata miguu iliuma. Bibi alizungusha bomba, halikutoa hata tone. Alibonyeza boila, ikalia mlio mmoja na kunyamaza. Mabomba yalikuwa yameganda.

"Lakini mimi nilifungua maji," Bibi alisema. Alilishika lile bomba, akalitazama. "Nilifungua. Au sikufungua? Narae, mwanangu, ulikuwepo. Nilifungua?"

Nilitaka kusema. Mdomo ukasema kingine.

"Sijui, Bibi. Nilikuwa natafuta glavu."

Mama alirudi, akampigia simu fundi mmoja baada ya mwingine. Wote walikuwa na foleni. Fundi Pyo ndiye aliyetupa ahadi, nayo ilikuwa ya keshokutwa. Tulinunua maji ya chupa, tukachemshia maji kwenye jiko dogo la gesi la pikiniki, tukalala sote watatu katika chumba kimoja chini ya mablanketi yote tuliyokuwa nayo. Bibi alianza kukohoa. Nilimkanda miguu, ikabaki ya baridi. Nilimpa chai ya tangawizi, akashukuru, akaendelea kukohoa. Sikuwa na la kufanya lililofaa, na lile moja lililofaa nililiogopa.

Kesho yake sikwenda maktaba. Bibi alikaa pembeni amejifunika shuka la pamba, midomo ikichezacheza. Nilidhani anasali. Nilipomsogelea nikamsikia akijihesabia siku za juma, kisha majina ya wajukuu wake wote kwa mfuatano wa kuzaliwa. Alipomaliza akaanza upya.

"Unafanya nini, Bibi?"

"Najipima," alisema. "Mama yangu alianza hivihivi. Kwanza sufuria, kisha bomba, mwisho akanisahau mimi."

Nikaenda chooni nikalia. Nilirudi nimeazimia kusema, nikamkuta mama kwenye simu na shangazi.

"Hapana, wifi, hawezi tena kukaa peke yake," mama alisema kwa sauti ya chini. "Safari hii ni mabomba. Safari ijayo ni moto. Kile kituo cha kutunzia wazee ulichonitajia, bado kina nafasi?"

Bibi alisikia. Nyumba yetu haina kuta za kuficha maneno. Alivuta mkoba wake, akaanza kukunja nguo zake za joto, moja baada ya nyingine. Mimi nilisimama mlangoni, nikajiambia kwamba nikisema sasa mama ataniua, nisiposema Bibi ataondoka. Siku nzima ikapita hivyo, sikusema.

Fundi Pyo alifika Alhamisi asubuhi na mashine yake ya mvuke, masikio mekundu kwa baridi.

"Mji mzima unaniita mimi," alinung'unika, akaingiza mpira wa mvuke kwenye bomba. Baada ya saa nzima maji yalikohoa, yakatoka. Kisha akachungulia boila, akatikisa kichwa.

"Kipande hiki kimepasuka, lazima kibadilishwe. Nani aliizima? Siku kama ile ilibidi iachwe ikiwaka kidogo, na bomba liachwe likitoka. Maji yanayotembea hayagandi upesi. Mmeokoa matone, mmepasua boila. Rahisi huwa ghali, mama."

"Ni mimi," Bibi alisema. "Akili yangu imechoka, kijana. Usimlaumu mkwe wangu."

Ikawa basi. Sikuweza kuvumilia zaidi.

"Si yeye! Ni mimi!" nilipiga kelele. "Bibi alifungua maji! Mimi ndiye niliyefunga, na boila nikaizima mimi! Alifungua kabisa, nilimwona!"

Mama aligeuka, uso umemwiva. Nilingoja kofi. Lakini Bibi aliinua mkono, akanikazia macho.

"Rudia."

"Ulifungua, Bibi. Maji yalikuwa membamba kama uzi."

"Nilifungua," Bibi alisema. Kisha tena, "Nilifungua." Akakaa palepale chini kwenye sakafu baridi, akalia kama mtoto, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia. Fundi Pyo akajifanya anatafuta spana.

Alipotulia, alinivuta mkono nikakaa karibu naye.

"Boila itatengenezwa," aliniambia. "Kubana matumizi ni kujua kipi kibanwe na kipi kiachwe kitoke. Hilo hukulijua, na kutojua si dhambi, ungeniuliza. Lakini ukweli uliujua, Narae, ukaubana siku mbili. Siku mbili hizo niliamini kwamba nakufa nikiwa hai."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Ila usisahau ilivyouma."

Mama alipiga magoti mbele ya mkwewe, kwenye sakafu ileile, akainamisha kichwa. "Nisamehe na mimi, mama. Nilihukumu kabla ya kuuliza."

Bibi aliutazama ule mkoba wa nguo alizokunja. Hakumjibu upesi kama alivyonijibu mimi, nami nikaelewa kwamba neno nililolificha lilikuwa limevunja na kitu kati ya wawili hao ambacho Fundi Pyo hawezi kukibadilisha.