Kufuli Mbili Siku ya Ayudha Puja

Kwenye ramani ya kioo cha kompyuta, nukta nyekundu ilipita mji wa Hoskote ikielekea mashariki. Kisha ikaganda.

"Lori limesimama?" aliuliza Devaki Hosamani.

"Hapana, akka," alijibu askari wa redio, akimwita dada kwa heshima. "Ni mtambo wetu."

Devaki alisogea mbele ya kioo. Alikuwa jasusi wa kikosi cha kupambana na magendo, mjini Bengaluru, bastola ya Glock kiunoni, na ndiye pekee kikosini aliyejua kuandika programu za mitambo. Ile nukta ilikuwa Basavaraj, mwenzake wa miaka mingi. Alikuwa akiendesha lori la wezi wa mbao za thamani za msandali mwekundu, kifungo cha shati lake kikituma ishara. Wezi walishanusa kwamba kuna msaliti, na wakifika ghalani wangewapekua madereva wote. Polisi walikuwa tayari kuvamia, ila hakuna aliyejua ghala liko wapi.

Bila nukta, Basavaraj ni maiti.

Mkurugenzi Venkatachala alitoka ofisini, unga mwekundu kwenye paji la uso. Ilikuwa Ayudha Puja, siku ya kuosha zana na kuziombea, na hata seva zilikuwa zimevishwa mashada ya maua. Akatazama kioo, akaagiza mtambo uwashwe upya.

Ndiyo ilikuwa dawa yake miezi yote. Mtandao ukiganda, washa upya, na kila ushahidi unafutika. Devaki alikuwa amemwandikia, amemfuata, amemsihi. Akaambiwa anakuza mambo.

"Kuwasha upya ni robo saa, saar," Devaki alimwambia mkurugenzi. "Seva inawashwa upya. Basavaraj hawashwi."

"Devaki, chunga mdomo wako."

Hakuuchunga. Alimwambia bosi wake atoke njiani, akafungua kompyuta yake ya ThinkPad, akauamuru mtambo useme umekwamia wapi.

Jibu likamwagika kiooni.

Kazi mbili zilikuwa zimekabana koo ndani ya kiendeshi cha mtandao pepe, ile programu inayopokea ujumbe kutoka nje na kuugawa ndani ya seva. Ya kwanza ilikuwa ikipitisha ujumbe: imeshika kufuli ya njia, inangoja kufuli ya mlango. Ya pili ilikuwa ikifunga mlango usiotumika: imeshika kufuli ya mlango, inangoja ya njia. Hakuna anayeachia. Zingengojana hadi kiama.

Mbona zamani ziligongana mara chache tu? Devaki aliona sababu, akasaga meno. Kulikuwa na mistari ya kuchapisha taarifa iliyokuwa ikiichelewesha kazi moja kidogo, zikawa zinapishana. Leo mistari hiyo haikuwepo.

Akauliza nani ameiondoa.

"Mimi, akka." Raghuram Shenoy, mkandarasi wa programu mwenye shati la hariri, alitabasamu. "Leo si Ayudha Puja? Wengine wanaosha pikipiki, sisi tunasafisha programu. Kila mwaka tunafanya hivyo."

Ni kweli. Kila mwaka walifuta takataka za programu siku hiyo, wakala peremende, na hakuna aliyesoma kilichofutwa. Devaki mwenyewe hakusoma. Hilo lilimkera kuliko yote.

Alinyoosha mpangilio: kufuli ya njia kwanza, ya mlango baadaye, kila mahali. Akapandisha kiendeshi kwenye seva ya akiba.

Nukta ikawaka.

Halafu seva ikaanguka.

Ujumbe ulikuwa umefika kwenye mlango uliokwisha kubomolewa. Chini ya mtego kulikuwa na mtego mwingine: kazi moja inabomoa, nyingine ingali inapita.

"Akka, polisi wako njia panda. Wanauliza kulia au kushoto."

"Wangoje."

Devaki akaandika upya: zuia wanaoingia, hesabu waliomo, ngoja wa mwisho atoke, ndipo ubomoe mlango. Mistari michache tu. Mtu mwenye nia njema angeiweka tangu mwanzo.

Akapandisha tena.

Nukta ikawaka, na safari hii ikatembea. Ikasimama kwenye kiwanda cha vigae kilichofungwa, nje kidogo ya Malur.

"Kulia. Vamieni."

Redioni zikasikika risasi, kelele, kisha kimya kirefu. Askari wa redio alifumba macho.

"Mlikuwa mmelala?" Sauti ya Basavaraj ilikuwa imekauka. "Wameshanivua shati, akka. Kisu kilikuwa shingoni."

Devaki alifungua historia ya kiendeshi, akasoma jina la aliyegeuza zile kufuli, akageuka. Kiti cha Shenoy kilikuwa kitupu.

Alimkuta kwenye maegesho, ndani ya gari lake la Fortuner lililofungwa migomba miwili mbele kwa ajili ya sikukuu. Mdomo wa Glock uligonga kioo cha dirisha.

"Ni kosa tu, akka. Kufuli zinamchanganya kila mtu."

"Kufuli ulizigeuza Machi. Ulinzi wa mlango ukauondoa Juni. Leo ukafuta mistari. Kosa gani linafuata ratiba? Wezi walikulipa kiasi gani? Shuka."

Akamtia pingu, akamkabidhi kwa mlinzi wa geti. Venkatachala alikuja mbio na sinia ya peremende za laddu, akihema, akasema taarifa iandikwe kwamba ofisi ilijua tangu mwanzo.

"Ulijua, saar. Mimi ndiye niliyekwambia." Devaki alivaa helmeti. "Basavaraj anarudi jioni. Utamweleza wewe."

Akaiwasha kwa teke pikipiki yake ya Royal Enfield, akaondoka bila kugusa sinia.