Fundi Paa wa Tarehe Tano

"Chumvi mara mbili mwezi huu. Mara mbili!"

Mume aligonga meza kwa kalamu. Kando yake kulikuwa na beseni, na ndani ya beseni matone ya mvua yalidondoka kutoka darini, to, to, to.

"Pakiti ya kwanza ililowa," mke alijibu. "Paa linavuja juu ya kabati."

"Basi naandika: chumvi, hasara ya uzembe."

Ilikuwa Jumapili asubuhi, saa ya kikao cha bajeti. Mume alikuwa mtunza stoo wa hospitali. Kazini kwake hata bandeji haitoki bila tarehe, kiasi, jina la mpokeaji na namba yake ya simu, na ugonjwa huo alikuja nao mpaka nyumbani. Mtaani walimwita Bwana Risiti, nalo jina lilimkaa vizuri kama shati la sikukuu.

Mkewe alikuwa mshonaji, tena kwa cherehani ya kukodi, kwenye kibaraza cha watu. Kila Jumamosi alimkabidhi mumewe elfu kumi, akiba ya kununua cherehani yake mwenyewe. Wiki sitini sasa. Kasha la akiba lilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo huo haukubanduka mfukoni mwa Bwana Risiti.

"Na cherehani yangu?"

"Haba na haba, mama. Bado hazijatimia."

"Bei yake laki sita. Elfu kumi mara sitini ni ngapi, mume wangu?"

"Wewe shona, hesabu niachie mimi." Alisimama, akachukua taulo na simu yake. "Naenda kuoga. Nikirudi nikukute umesoma kurasa mbili za daftari, ujifunze. Mali bila daftari hupotea bila habari."

Kila mara alikwenda na simu bafuni. Mke aliliona hilo kwa mara ya mia, na kwa mara ya mia akaliacha lipite. Akafungua daftari kwa utiifu tu.

Mwandiko ulikuwa safi. Sabuni. Mkaa. Nauli. Tarehe tano: Fundi paa, elfu sitini. Akageuza. Mwezi uliotangulia, tarehe tano: Fundi paa, elfu sitini. Akarudi nyuma mpaka alipoishiwa fundi. Mara nane.

Tone likadondoka kwenye beseni. Akatazama dari, akatazama daftari. Namba ya simu ya fundi ilikuwa pale pale kwenye safu yake, haikukosa hata tarakimu moja. Akaipiga.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke, laini.

"Samahani dada, namtaka fundi paa."

"Fundi? Umekosea namba, mpenzi."

Akaisoma namba yote, polepole.

"Hiyo yangu. Nani kakupa?"

"Nimeikuta kwenye daftari. Kila tarehe tano unapokea elfu sitini."

Upande wa pili redio ikazimwa. Kisha:

"Hilo daftari... hata chumvi huandikwa?"

"Hata chumvi."

"Hee! Kumbe sikaguliwi peke yangu! Wewe ni nani kwake, dada?"

"Mkewe."

"Mke? Mimi kaniapia hana mtu! Nilipomuuliza mbona hela yenyewe kiduchu, akasema kuna mkopo wa zamani anaumalizia."

Mkopo. Miaka saba ya kumfulia, kumpikia na kumshonea hata vifungo, kumbe yeye ndiye mkopo. Hilo lilimchoma kuliko pesa zote.

"Subiri," sauti ikasema. "Ameniandikia sasa hivi. Nakusomea: 'Mpenzi, mwezi huu nitachelewa kidogo. Kuna chumvi imeharibika.'"

Mke alicheka. Machozi yakamtoka hapo hapo, akayafuta kwa kanga, akaaga kwa adabu na kukata simu.

Bwana Risiti akaingia akijikausha masikio.

"Umesoma?"

"Nimesoma. Fundi paa anakusalimu."

Taulo likasimama sikioni.

"Mke wangu, sikiliza. Ni shetani tu alinipitia."

"Shetani gani huyo anapita kila tarehe tano?"

"Nisamehe."

"Nijibu kwanza. Kwa nini uliandika?"

Alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ningefanyaje? Hesabu isingelingana."

Mke akanyoosha mkono. "Ufunguo."

Akapewa. Kashani mlikuwa na laki moja na ishirini, sawa kabisa na daftari lilivyosema. Laki nne na themanini zilikuwa zimeshamlipa fundi.

"Andika kwamba nakudai," alisema. "Utauza pikipiki."

"Pikipiki yangu? Nitaendaje kazini?"

"Nauli ina safu yake humo."

Mume akaandika. Alipomaliza, mke akamnyang'anya kalamu. Simu ya mke ikalia. Meseji: "Dada, usije ukaniletea mzigo huo. Mimi simpokei."

Akaisoma mara moja, akaiweka simu kifudifudi. Alikuwa amempenda mtu huyu. Alimpenda hata kwa daftari lake, maana alidhani mwanamume anayehesabu chumvi hawezi kupoteza mke. Akaandika mstari mmoja, kwa safu zote kama alivyofundishwa, akamsogezea daftari.

*Kilichotoka: mume. Idadi: mmoja. Mpokeaji: hajapatikana.*

"Mke wangu, tafadhali. Tuzungumze."

"Kitu hakitoki bila kuandikwa. Weka sahihi."

Mvua iliendelea kudondoka kwenye beseni. Bwana Risiti alishika kalamu, akainamia ukurasa. Kwa mazoea, alihakiki tarehe kwanza, ndipo akatia sahihi.