Mlio wa Gurudumu la Nyuma

Majirani zangu, mnaonijua mnajua kwamba mimi si mtu wa kuhubiri. Mimi ni fundi wa magari, na mikono yangu inanuka grisi hata nikitoka kuoga. Lakini kuna jambo limenikaa kooni, na leo nalitoa.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na gereji yangu, kuna nyumba yenye baraza ya saruji. Kila Jumamosi ilikuwa raha kuitazama. Mama wa nyumba ile alishona sare za shule pale barazani kwa cherehani yake. Binti yao wa miaka saba aliokota vipande vya vitambaa na kumvisha mwanasesere. Baba naye aliosha gari lake kwa mbwembwe, utadhani analipeleka kuposa.

Yule baba tulimwita Mwenyekiti. Si kwamba aliongoza chama chochote; ni kwa sababu ukianza mazungumzo naye, yeye ndiye anayefunga kikao, na hakuna mengineyo. Barazani tulikuwa tunacheka. Ndani ya nyumba yake sidhani kama kuna aliyecheka.

Kiti cha mbele cha gari alikiweka kwa ajili ya rafiki zake. Mkewe na mtoto walikaa nyuma, mke upande wa kushoto, juu kabisa ya gurudumu. Ndiyo maana alikuwa wa kwanza kuusikia ule mlio.

"Baba watoto," alimwambia, "kuna kitu kinanguruma huku nyuma kushoto. Tukikata kona ya kulia kinazidi. Na tukipakia mzigo ndiyo kabisa, nakisikia mpaka kwenye nyayo."

Jamani! Mwanamke huyo alikuwa ameshaifanya nusu ya kazi yangu. Upande ameutaja, kona ameitaja, uzito ameutaja. Miaka kumi na miwili amekaa na mashine, akiisikia inaanza kukwama kabla haijakata uzi. Masikio yake yalikuwa ya fundi, tena fundi hasa.

"Ni barabara mbovu," Mwenyekiti alijibu, akaongeza sauti ya redio.

Mara ya pili alimwambia cherehani imemharibia masikio. Mara ya tatu alimnyamazisha mbele ya rafiki zake, nao wakaangua kicheko. Mara ya nne, ili yaishe, akaleta gari kwangu.

"Fundi, hebu liangalie hili," alisema. "Kuna mtu nyumbani anasikia ngoma."

"Linalia upande gani?"

"Nitajuaje? Huko huko nyuma. Unawajua wanawake."

Sasa sikilizeni. Sisi mafundi tuna utaratibu wetu: aliyesikia mlio ndiye anayepanda na fundi, na anakaa palepale alipokuwa amekaa alipousikia. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, nami nimewafundisha wengine. Nikamwambia, "Basi mwite shemeji, si yule pale barazani? Tuzunguke naye kidogo."

Mwenyekiti alinitazama juu mpaka chini. "Nimlete mke wangu hapa aje kukufundisha kazi?"

Nami nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Sikutaka kuonekana fundi anayeelekezwa na mwanamke.

Tukaingia wawili, mimi na yeye, mbele, gari tupu. Tukaenda moja kwa moja kwenye barabara iliyonyooka na kurudi. Gari likatulia kama maji mtungini. Kupiga jeki na kulitikisa gurudumu kwa mikono ni kazi ya dakika kumi, na lingecheza waziwazi. Sikuifanya.

"Gari zima," nikasema.

Alivuka barabara akipaza sauti kabla hata hajafika. "Umesikia? Fundi amesema gari ni zima!" Mkewe akanyanyua macho kutoka kwenye kitambaa, akanitazama mimi. Nikajifanya natafuta spana.

Jumapili iliyofuata walikuwa wanakwenda kumtembelea mama mzazi wa Mwenyekiti. Aliweka magunia mawili ya mkaa kwenye buti, gari likakaa chini nyuma. Nilikuwa nafagia mlangoni, nikamsikia mkewe akisema kwa upole, "Leo tupande basi. Nakuomba."

"Usinianzishie asubuhi yote hii. Ingia."

Mtoto alikuwa ameshakaa nyuma kushoto. Mama yake akamhamishia upande wa kulia, akamfunga mkanda, akakaa yeye juu ya lile gurudumu. Kina mama mnaonisikiliza, nyinyi mnaelewa alichokuwa anafanya. Mimi nilikielewa nimechelewa.

Kwenye mteremko wa darajani kuna kona ya kulia. Hapo ndipo beringi, zile gololi zinazolizungusha gurudumu, zilipokwama kabisa, na gurudumu likakatika na kuchomoka. Mtoto anasema aliliona likikimbia peke yake mbele ya gari. Gari likalala ubavu wa kushoto na kuburuzika.

Mtoto alitoka na mchubuko kwenye paji la uso. Mwenyekiti alitoka na vumbi. Mkono wa kushoto wa yule mama, ule unaoongoza kitambaa chini ya sindano, ulibanwa kati ya mlango na lami. Madaktari waliukata juu kidogo ya kifundo.

Nilikwenda kumwona. Mwenyekiti alikuwa analia kando ya kitanda, machozi ya kweli. "Mama watoto," alisema, "mbona hukuniambia kama ni hatari kiasi hiki?"

"Nilikwambia mara nne," alijibu, wala hakupandisha sauti. "Ungetaka mara ngapi?"

Leo cherehani imefunikwa shuka. Mwenyekiti amekuwa mtu wa kuuliza kila kitu: mke wangu, mvua itanyesha? Mke wangu, mtoto ana homa au ni uchovu? Naye mkewe humjibu, "Wewe unaonaje?" kisha huingia ndani. Mtoto anahudumiwa, chakula kinapikwa, lakini neno la hiari la yule mama hakuna tena anayelipata.

FUNZO

Waume wenzangu, mke anaposema kuna kitu hakiko sawa, hakuombi ruhusa ya kuogopa. Anakupa habari. Mdharau ukitaka, lakini dharau yako hulipwa na viungo vya watu wengine. Na nyinyi mafundi, madaktari, walimu, wote mnaoletewa maneno ya mtu kwa mdomo wa mwingine: mwiteni mwenyewe aseme.

Mimi nilivuka barabara kwenda kumwomba radhi. Nilikaa barazani kwake karibu saa nzima, nikijikanganya. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi sikumfanyia.