Kuku Hawaji Tena Chini ya Gari

Kila asubuhi ya shule, Mama Araba alipiga honi mbili fupi. Ya kwanza ilikuwa ya kumhimiza binti yake Araba, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye daima alikuwa bado anatafuta soksi. Ya pili ilikuwa ya kuwaita watoto wa majirani. Gari lao jeupe la viti saba ndilo lililowapeleka watoto hao shuleni na kuwarudisha, na ndilo lililoleta chakula mezani nyumbani kwao, pale Takoradi, mji wa bandari nchini Ghana.

Safari ilikuwa fupi lakini yenye msongamano. Malori ya bandarini yalitimua vumbi, kwa hiyo madirisha yalifungwa na kiyoyozi kikawashwa. Mama Araba alikuwa na sheria moja: ndani ya gari hakuna kupigana, kuna vitendawili tu.

"Kitendawili!" Elikem alipaza sauti. Alikuwa na miaka mitano, na kwa kuwa safari humchafua tumbo, alikaa katikati, pale upepo baridi ulipompiga usoni.

"Tega!" wakajibu wote.

"Kina miguu minne, kinabweka, kinaitwa mbwa!"

Gari zima likaangua kicheko. Dada yake, Sena, akamfinya shavu. "Sasa wewe mbona umetaja jibu?"

"Ili msihangaike," akasema Elikem.

Sena na Araba walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza. Dawati lao lilikuwa moja, na aliyebeba wali wa maharage alimgawia mwenzake bila kuombwa.

Mvua za kwanza zilipokuja baada ya miezi ya vumbi kavu, ndipo harufu ilipoanza. Ilitoka kwenye matundu ya kiyoyozi, nzito, kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni.

"Anti," akasema Kuuku, mvulana mwenye mdomo mrefu kuliko safari yenyewe, "kuna mtu kavua viatu?"

Watoto wakacheka. Mama Araba akacheka pia, lakini jioni alinyunyiza marashi kila pembe. Kesho yake Kuuku akavuta pumzi na kusema, "Leo soksi zimejipamba, zinakwenda harusini."

Marashi yakaongezwa. Harufu nayo ikaongezeka. Araba akiwa ameketi kwenye kizingiti, akiwatazama kuku wa bibi yake, Nana, wakipita mbali na gari bila hata kugeuka, alimsikia mama yake ndani akisema kwa sauti ya chini:

"Nana, mama yake Kuuku amesema harufu isipoisha, mwezi ujao anawahamishia wanawe gari jingine. Akiondoka huyo, wengine watamfuata. Nitabaki kubeba nani?"

Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko, Araba alimweleza Sena huku akijifuta machozi.

"Usilie bwana," Sena akasema. "Dawa mnayo nyumbani kwenu. Nana wako si anaweka vidonge vya naftalini vya kufukuza wadudu kwenye sanduku la vitambaa vyake vya msibani? Umewahi kusikia harufu ya ukungu humo?"

"Hapana. Linanuka naftalini tu."

"Basi! Zisage, tuzitie kwenye matundu. Hakuna atakayejua. Mama yako ataona tu harufu imekwisha."

"Nana amekataza tusizishike zile."

"Amekataza msizile. Nani anazila?" Sena akachomoa kitambaa chake cha mkononi, kile chenye maua ya bluu alichodariziwa na mama yake, akakipasua vipande. "Tutazifunga humu. Lakini tuape. Likitokea lolote, tuko pamoja."

Wakafunga vidole vyao vidogo, wakaapa.

Jioni hiyo Araba alifungua sanduku la Nana, akachukua vidonge vyeupe vya naftalini vilivyokuwa kati ya vitambaa vyeusi na vyekundu. Wakavisaga kwa jiwe, wakafunga vifuko vidogo, wakavisukuma ndani ya matundu ya gari mpaka vikapotea.

Asubuhi, upepo wa kiyoyozi ulikuwa mkali, wa kuwasha pua.

"Hoyee! Leo tunanuka choo cha hoteli," akasema Kuuku.

Mama Araba akatazama kwenye kioo. "Nani ameweka kitu humu ndani?"

Araba aliangalia nje ya dirisha upande wake. Sena akaangalia nje upande wake.

"Labda ni marashi yale mapya," Mama Araba akajijibu mwenyewe, akaendesha.

Baada ya siku chache, kiti cha katikati kilikuwa kitupu. Sena naye hakuja. Mama Araba alipopiga simu, uso wake ukabadilika. Elikem alikuwa amelazwa hospitali. Macho yake yamekuwa ya manjano, hana nguvu ya kusimama, na mkojo wake ni mweusi kama chai ya rangi.

Mchana walikwenda kumwona. Elikem alilala akiwa amejikunja, midomo imepauka, mrija wa damu ukiingia mkononi mwake. Mama Sena alikuwa ameshika miguu yake midogo kana kwamba ingeweza kukimbia. Sena alisimama ukutani.

Muuguzi aliingia, akauliza tena maswali aliyokwisha kuuliza. "Mama, fikiri vizuri. Kuna dawa yoyote amekunywa? Miti shamba? Kuna naftalini nyumbani?"

"Hakuna, dada. Kwetu hatutumii naftalini kabisa."

"Nauliza kwa sababu wapo watoto wanaozaliwa na upungufu fulani katika damu. Hawaonekani wagonjwa mpaka wavute hewa ya naftalini, au wapewe dawa fulani. Hapo damu yao huanza kuvunjika. Tukijua chanzo, tutajua kitu cha kumwepusha nacho. Tusipojua, anarudi nyumbani kwenye kitu kilekile."

Araba alimtazama Sena. Sena akatikisa kichwa kidogo sana: usiseme.

Lakini Elikem alikuwa amelala pale, yule asiyetaka watu wahangaike kutafuta jibu.

"Ipo," Araba akasema. Sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine. "Ipo ndani ya gari. Kwenye matundu ya kiyoyozi. Tuliiweka sisi."

"Sisi nani?" akauliza Mama Sena.

Araba akamgeukia rafiki yake. Alisubiri. Kidole chake kidogo kilikuwa kimejikunja chenyewe, kikikumbuka kiapo.

"Ni yeye," Sena akasema. "Ni Araba peke yake. Mimi nilimkataza, hakunisikia."

Lau Sena angempiga kofi, Araba angejua la kufanya. Kwa hili, hakujua.

"Mtoto wangu!" Mama Sena akainuka. "Kila asubuhi nimekukabidhi mtoto wangu, Mama Araba, kumbe unampeleka kwenye sumu!"

Muuguzi alimshika bega. "Mama, keti. Huyu binti ametusaidia. Sasa tunajua."

Lakini hakuna aliyekuwa akisikiliza hayo.

Njiani kurudi, Mama Araba aliendesha madirisha yote yakiwa wazi.

"Mama, ni Sena aliyetoa wazo. Hata kitambaa ni chake. Nakuapia."

"Huenda," mama yake akajibu. "Lakini siku ile nilipouliza nani ameweka kitu humu, nani aliangalia nje ya dirisha?"

Araba akainamisha kichwa. Alikuwa amejiona mtu aliyeuzwa na rafiki. Hakuwa amefikiri kwamba na mama yake ameketi pale pembeni na jeraha kama lilelile, alilotiwa na mwanawe.

Wiki iliyofuata, honi zililia bila faida. Mama Sena alikuwa amesimulia mtaa mzima, na kila mzazi akamtafutia mwanawe usafiri mwingine. Shuleni Araba alipata jina jipya.

"Naftalini huyo! Mende, kimbieni!" Kuuku akapiga kelele, na darasa likacheka.

Sena hakucheka. Lakini alikuwa amehamia dawati la mbele, na mtu alipomuuliza, alisema, "Mimi nilimkataza." Kila alipolisema, lilimtoka kwa urahisi zaidi. Araba alikula wali wake wa maharage peke yake.

Jumamosi, Mama Araba aliegesha gari mahali pake pa kawaida, chini ya mti wa mkungu uliomwaga majani makubwa mekundu, akaanza kung'oa vifuniko vya matundu ili avitoe vile vifuko. Nana alimwita mjukuu wake kizingitini.

"Njoo nikutegee, uso wako urudi mahali pake. Kitendawili!"

"Tega," Araba akajibu kwa unyonge.

"Mzima anajikojolea kila anakokwenda. Akiacha kukojoa, ni mgonjwa."

Araba alifikiri. Macho yake yaliwafuata kuku wa Nana, wakichakura huku na huku. Ghafla akasimama.

"Gari! Gari lenye kiyoyozi! Nana, zamani tulipofika nyumbani kuku walikimbilia chini ya gari kunywa maji yaliyodondoka. Siku hizi hawaji. Mama! Kuku hawaji tena chini ya gari!"

Mama Araba aliacha kazi yake. Akapiga magoti, akachungulia chini ya gari. Pakavu. Akagusa zulia la ndani, upande wa abiria. Lilikuwa chepechepe kama sifongo.

"Kumbe maji hayatoki," akasema polepole. "Yanabaki ndani na kuoza."

Fundi wa kiyoyozi aliyeitwa kutoka Kokompe, mtaa wa gereji, alikubaliana naye. Alifungua kisanduku cha mbele ya abiria, akatoa kichujio cha hewa. Kilipaswa kuwa cheupe. Kilikuwa cheusi, kimejaa vumbi la kiangazi na vipande vya majani ya mkungu. Kisha akaingia chini ya gari na waya mwembamba, akauchokoa mpira wa kutolea maji. Tope likatoka, halafu maji meusi yakamwagika kwa kishindo.

Kuku wakaja mbio, mabawa yamefunguka.

"Shii! Shii!" Nana akawafukuza kwa kanga. "Mna wiki kadhaa mmegoma, leo ndiyo mnataka kunywa sumu?"

Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, Araba alicheka.

Walifanya kazi mpaka alasiri. Fundi alipuliza dawa ya povu ya kuua ukungu ndani ya mitambo, akaweka kichujio kipya. Araba alianika zulia juani, akafuta matundu kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Waliwasha feni kwa hewa ya moto, milango wazi, mpaka kila kitu kikakauka.

"Na kuanzia leo," fundi akasema, "mkikaribia kufika, zimeni ubaridi muiache feni peke yake ikaushe ndani. Na msiegeshe tena chini ya mti huu."

Kifuko cha mwisho cha naftalini kilitolewa na Mama Araba mwenyewe. Alikifungua, akakitazama kitambaa muda mrefu. Maua ya bluu.

"Nitakibandika ukutani darasani," Araba akasema. "Wote waone nani mwongo."

"Unaweza," mama yake akajibu. "Na wewe ulipokosea, ulipenda nikubandike ukutani?"

Araba alikifua kitambaa mara nyingi, akakianika, akakikunja.

Jioni walikwenda kwa kina Sena. Elikem alikuwa amerudishwa nyumbani, amekonda, lakini anakula uji. Mama Sena aliwafungulia mlango bila kutabasamu. Araba alimwendea Sena, akamwekea kile kipande mapajani. Hakusema kitu. Aliogopa akisema neno moja, mengine yote yatamtoka.

Sena alikitazama. Mama yake naye alikitazama.

"Hii ni kazi ya mkono wangu," Mama Sena akasema. "Sena? Ulisema kilipotea."

Sena alianza kutikisa kichwa, kama alivyofanya hospitalini. Kisha akamwona Elikem, kijiko mdomoni, akimtazama dadake. Machozi yakamshinda.

"Ni mimi niliyemwambia. Nilikipasua mimi. Niliogopa, Mama. Niliogopa utasema nimetaka kumuua Elikem."

Mama Sena aliketi chini. Baadaye alimgeukia mama yake Araba. "Nimekuchafua mtaa mzima."

"Umenichafua," Mama Araba akakubali. "Na kesho utakwenda nyumba kwa nyumba kunisafisha." Kisha akawaita wasichana wote wawili mbele yake. "Sikilizeni. Harufu ilipoanza, mimi mtu mzima nilinyunyiza marashi badala ya kufungua nione ndani. Nanyi mkaifunika kwa naftalini, mtoto akaugua. Halafu naftalini mkaifunika kwa uongo, urafiki ukaugua. Uchafu unaofunikwa hauondoki, unazidi. Ukikosea, fungua mapema, hata kama kinachotoka kinanuka. Na kitu chenye sumu msikitumie bila kumuuliza mtu mzima."

"Nisamehe, Araba," Sena akasema.

"Nimekusikia," Araba akajibu. Neno 'nimekusamehe' lilikuwa bado halijafika mdomoni, naye hakutaka kudanganya tena.

Jumatatu, honi mbili zililia. Mama Sena alitangulia kuleta watoto wake, majirani wote wakimwona. Kuuku aliingia, akanusa kushoto, akanusa kulia, na kwa mara ya kwanza akakosa la kusema. Araba aliketi dirisha hili, Sena dirisha lile, na Elikem katikati yao.

"Kitendawili!" Elikem akasema, sauti bado nyembamba.

"Tega!"

"Lina magurudumu manne, halinuki!"

Safari hii hakutaja jibu. Alimtazama dada yake, akamtazama Araba, akangoja. Watoto wengine wote wakanyamaza.

"Gari letu," Araba na Sena wakajibu kwa pamoja.

Na chini yake, barabarani, matone ya maji safi yalikuwa yakidondoka.