Kofia ya Nyuzi Zilizobaki

Kapata, mtaa wa wachimbaji, huamka mapema. Kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya nyumba za safu, utasikia ufagio uani. Kisha utasikia makaa yakipasuka katika mbabula, lile jiko letu la bati lenye matundu. Wanaume wanaokwenda kuchimba madini hupita na viatu vyao vya mpira. Nguo zao zina vumbi la shimo, hata zikifuliwa.

Saa hiyo Huguette alikuwa akikaa mlangoni, akifuma. Alifuma soksi nene za wachimbaji. Kiatu cha mpira bila soksi nzuri huchubua mguu, na mguu uliochubuka haushuki shimoni. Watu waliijua kazi yake.

"Shoseti za Huguette hazitobokake," walisema.

Kila soksi ilipokwisha, kipira kidogo cha uzi kilibaki. Hakikutosha soksi nyingine. Huguette alikitupa ndani ya mfuko wa unga chini ya kitanda, akaanza kipira kipya.

Mwaka huu hakuna anayefuma mlangoni pale.

Papy, mume wa Huguette, alikuwa mchimbaji. Mwezi wa tano udongo wa shimo ulimwangukia. Walimtoa akiwa amekufa. Miguuni alikuwa na soksi za kijivu alizofumiwa na mke wake. Huguette aliziona. Tangu siku ile hakugusa tena sindano za kufuma.

Matanga yakaisha. Jamaa wakagawana nguo za Papy, kama desturi ilivyo. Suruali ilikwenda kwa kaka, koti kwa mjomba. Kitu kimoja hawakukipata. Huguette alikuwa amelificha triko la Papy, sweta alilovaa shimoni. Hakulifua. Aliogopa sabuni itaondoa harufu ya mume wake.

Mwezi wa saba, baridi ya kiangazi ikiwa kali, mtoto akazaliwa kabla ya wakati wake. Alikuwa msichana. Walimwita Abigaëlle. Kichwa chake kilienea katika kiganja cha mkono. Wauguzi walimtunza kwanza, kisha wakamwambia Huguette, "Nenda naye nyumbani. Umlete kupimwa uzito kila juma."

Huguette hakumpeleka.

Alikaa kitandani, mtoto amezungushiwa triko la Papy. Mama Ndaya, mama yake Papy, ndiye aliyepika bukari, ugali wetu, na kuteka maji. Mama Ndaya pia ndiye aliyeomba. Huguette alikuwa ameacha kuomba.

"Mama, shika miguu yake," Huguette alisema asubuhi moja. "Iko baridi sawa mayi."

"Mufunike muzuri na ile triko. Asikiye harufu ya baba yake."

"Niko namufunika. Angalia na shingo."

Mama Ndaya aliangalia. Shingo ya mtoto ilikuwa na vipele vyekundu. Mtoto alipiga chafya, tena na tena, kama paka mdogo.

"Huyu naye anaenda," Huguette alisema. Hakulia. Alisema tu, kama mtu anayesema unga umekwisha.

"Funga kinywa! Mungu anasikia."

"Na mwezi wa tano alikuwa anasikia?"

Mama Ndaya alifanya ishara ya msalaba. Papy alikuwa mtoto wake wa tumboni. Kisha alibeba mbabula yenye makaa mekundu, akaiingiza chumbani. Akafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke.

Haikupita muda, mtu akapiga mlango.

"Hodi! Kuko bantu?"

Alikuwa Mama Brigitte, jirani yao. Anafanya kazi kwenye kituo cha afya, pale wanapopima watoto. Aliingia, akaona mbabula, akasimama.

"Yesu wangu! Munataka kufwa bote?"

Alikamata mbabula kwa kitambaa, akaitoa mbio. Akafungua mlango na dirisha.

"Baridi itaingia!" Mama Ndaya alipiga kelele.

"Acha iingie kidogo. Makala yakiwaka mu chumba ya kufunga, yanatoa hewa mubaya. Hauioni, hauisikii harufu. Unalala, hauamuke. Mbabula ni ya inje, mama."

Alinawa mikono kwa sabuni, akakaa karibu na kitanda.

"Huguette, tulikungoja ku kupima. Haukukuya."

"Kupima nini? Namna anapunguka?"

Mama Brigitte hakubishana naye. Aliangalia kifua cha mtoto kikipanda na kushuka. Akamwambia Huguette ampe ziwa. Mtoto alinyonya. Alinyonya polepole, akapumzika, akanyonya tena.

"Anapumua muzuri. Ananyonya. Lakini sikia: siku akikataa ziwa, ao akipumua mbio na mbavu zikiingia ndani, haungoje kesho. Unakimbia hospitali. Tumesikilizana?"

"Ndiyo."

"Sasa, hii triko ilitoka wapi?"

Huguette alilivuta triko kifuani. "Ni ya Papy."

"Alivalaka hii mu shimo?"

Mama Brigitte alibonyeza triko kwa kiganja, akawaonyesha. Kiganja kilikuwa na vumbi jeusi.

"Muko munaona? Hii ni vumbi ya madini. Inachoma ngozi ya mutoto. Akivuta pumuzi, inaingia mu mapafu. Mutu mukubwa inamusumbua. Huyu mudogo je?"

"Ni harufu ya baba yake!" Huguette alipaza sauti. "Balibeba bitu byote. Koti, suruali. Na hii njo unataka kunitolea?"

"Nani anakutolea? Tutaitia mu sashi ya plastiki, tufunge, ikae ku depo. Ni yako. Hakuna mutu ataigusa. Lakini ku mwili ya mutoto, hapana."

Huguette alilishika triko kwa muda mrefu. Mama Ndaya naye alililia. Mwishowe vidole vya Huguette vililegea. Mama Brigitte alilikunja polepole bila kulikung'uta, akalitia ndani ya sashi, akafunga fundo, akaipeleka depo, kile chumba cha kuwekea vitu.

Walimwosha mtoto kwa maji ya vuguvugu, wakamkausha upesi. Kisha Mama Brigitte alimwambia Huguette afungue blauzi. Alimweka Abigaëlle kifuani pa mama yake, katikati ya maziwa, wima, miguu imekunjwa kama ya chura. Mtoto alikuwa na kitambaa cha matakoni tu. Ngozi ilikaa juu ya ngozi. Wakamfunga kwa kitenge kilichofuliwa, uso ukiwa wazi apate kupumua. Juu wakaweka blanketi.

"Akae vile muchana na usiku. Joto ya mama inapita mbabula. Ukichoka, mama Ndaya anakupokea."

"Mi? Na hii kifua ya zamani?"

"Joto haina miaka, mama."

Mama Brigitte alifungua kitambaa chake cha kichwa, cha pamba, akamfunika mtoto kichwa.

"Mutoto mudogo sawa huyu, joto inakimbiaka ku kichwa na ku miguu. Hii ni ya leo. Kesho anaomba kofia na shoseti. Wewe njo fundi wa Kapata. Utafuma."

"Sifume tena."

"Juu ya nini?"

"Hii mikono njo ilimufumia zile shoseti. Alikufwa nazo ku miguu."

Nje pikipiki ilipita, ikaacha vumbi.

"Ile uchungu mi siwezi kukutolea, mwana wangu," Mama Brigitte alisema. "Hakuna mutu anaweza."

Mama Ndaya alipiga magoti, akavuta mfuko wa unga chini ya kitanda. Akamwaga vipira sakafuni. Kulikuwa na vyekundu, vya kijivu, vya kijani na vyeusi. Vingine vilikuwa vikubwa kama limau, vingine kama yai la njiwa.

"Na hizi je? Hazikuendaka mu shimo. Hazikutokaka hapa."

"Ni mabaki, mama," Huguette alisema. "Hazitoshe kitu."

"Ku mguu ya mwanaume hazitoshe," Mama Brigitte alijibu. "Ku kichwa ya huyu, zitabaki. Uzi ya shoseti njo muzuri kwa mutoto. Ni laini, na inavumilia kufuliwa. Mama Ndaya, ipitishe ku shingo yako, chini ya sikio. Inawasha?"

"Haiwashe."

"Basi na mutoto haitamuwasha. Ikiwasha, weka pembeni. Tena chagua nyuzi za unene moja. Ukichanganya nene na nyembamba, kofia inapindama. Rangi, changanya namna unataka. Zimelala na unga na vumbi, kwa hiyo mufule kwanza."

Mama Ndaya alifungua vipira, akavizungusha mkononi vikawa mafungu malegevu, akavifunga ili visitatizike. Akafua kwa sabuni, akasuuza vizuri, akaanika. Upepo wa kiangazi ulikausha vyote kabla ya jioni.

Kesho yake Mama Ndaya alichukua sindano. Zamani alijifunza kidogo kwenye nyumba ya mafunzo ya akina mama. Alifuma kutwa nzima akisema rozari kwa sauti ndogo. Huguette alilala na mtoto kifuani, uso umeelekea ukuta.

Jioni Mama Brigitte alipita. Mama Ndaya aliinua kazi yake.

"Ee mama! Hii ni kofia ya mutoto ao ya nyungu?"

"Usinicheke! Macho yangu imechoka."

"Sicheke. Nauliza tu nyungu gani, ya bukari ao ya maharagi."

Huguette aligeuka. Aliona kitu kipana, kimelegea, kimejaa mafundo. Akatazama kichwa kidogo kilichokuwa chini ya kidevu chake. Kitambaa cha Mama Brigitte kilikuwa kimeteleza tena, na utosi ulikuwa wazi. Aliugusa kwa midomo. Ulikuwa baridi.

"Leta," alisema.

"Nini?"

"Sindano. Unaharibu nyuzi, mama. Kamata mutoto."

Mama Ndaya hakungoja kuambiwa mara mbili. Alinawa, akafungua blauzi, akapokea mjukuu wake kifuani. Huguette alipima kichwa cha mtoto kwa uzi. Akafumua kazi yote ya Mama Ndaya. Machozi yalianguka juu ya uzi, lakini mikono ilikumbuka. Alianza ukingo kwa vitanzi viwili vya mbele, viwili vya nyuma, ili kofia ivutike na isibane. Uzi wa kwanza, mwekundu, ulipokwisha, aliunga wa kijani. Huo wa kijani ulipokwisha, alifika kwenye wa kijivu. Hapo alisimama.

"Pumzika, mwana wangu," Mama Ndaya alisema.

"Nikipumzika, sirudi."

Akaunga uzi wa kijivu, akaendelea.

Kofia ilipokwisha, alitaka kumvika mtoto. Mama Brigitte, ambaye bado alikuwa pale, akamzuia.

"Geuza ndani. Hii mikia ya nyuzi mahali umeunga, usiiache. Ku shoseti ni mubaya zaidi. Uzi moja inazunguka kidole ya mutoto, inakaza, damu haipite. Mutoto analia, haujue juu ya nini. Ingiza kila mukia ndani ya kazi na sindano, kisha kata. Pitisha kidole chako. Na usitie kamba ya kufunga ku shingo."

Huguette aliingiza kila mkia. Alipitisha kidole ndani ya kofia, kisha baadaye ndani ya kila soksi. Hakuna kilichonasa. Soksi zenyewe zilikuwa ndogo kama maganda mawili ya maharagwe, moja ya kijivu na nyingine nyeusi na nyekundu.

Siku zilizofuata hazikuwa nyepesi. Mara nyingine Huguette alikaa na sindano mkononi bila kufuma. Mara nyingine alikwenda kusimama mbele ya mlango wa depo, kisha akarudi. Lakini kila mara aliposhika miguu ya mtoto, ilikuwa na joto. Vipele vilikauka. Chafya ziliisha. Mtoto alianza kulia kwa sauti wakati wa njaa, na Mama Ndaya alisema, "Leo njo nasikia Papy."

Juma lilipofika, Huguette alikwenda kupima. Mama Brigitte alimweka Abigaëlle kwenye mizani. Huguette aliangalia pembeni. Hakutaka kuona.

"Ameongeza," Mama Brigitte alisema. "Huguette, angalia. Ameongeza."

Huguette aliangalia. Alimvika mtoto kofia, akamrudisha kifuani, akakaa kwenye benchi.

Kando yake alikaa mama kijana aitwaye Shekina. Mtoto wake pia alikuwa mdogo, na nyayo zake zilikuwa wazi. Mara mumewe, Kalenga, akaingia mbio. Alikuwa ametoka kuchimba. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Alicheka, akanyoosha mikono.

"Lete mutoto wangu nimubebe!"

Huguette aliona viatu vya mpira. Angeweza kunyamaza. Lakini alinyoosha mkono katikati ya yule mwanaume na mtoto.

"Tata, baba ya mutoto, ngoja. Nawa kwanza. Na hii koti, iache inje."

"We ni nani wa kunikataza mutoto wangu?"

"Mi ni muke ya Papy wa Kapata, mwenye alikufwaka mu shimo. Vumbi ya nguo yake ilitaka kunitolea na mutoto. Kila siku ukitoka kule, nawa, badilisha nguo, njo umubebe. Uko muzima, tata. Utamubeba."

Kalenga alivua kofia yake, akatoka. Kutoka dirishani walimwona bombani, koti limetundikwa juu ya ua, akisugua mikono mpaka kwenye viwiko.

Huguette alifungua mfuko wake. Kilibaki kipira kimoja cha kijani.

"Hii inatosha shoseti moja," alimwambia Shekina. "Ya pili, tafuta uzi ku nyumba."

"Rangi hazitafanana, yaya," Shekina alisema, kama mtu amwitavyo dada yake mkubwa.

"Mutoto haangaliake rangi. Sogea hapa, nikuonyeshe."

Shekina alisogea. Huguette alipitisha uzi chini ya sikio la yule mama kijana, kwenye ngozi ya shingo, akamwuliza kama unawasha.