Mate Juu ya Bomba la Gesi

Asubuhi ya kwanza Sikitu alidhani ni konokono. Juu ya bomba la gesi, pale linapoungana na mtambo wa mvuke, palikuwa na povu jeupe, dogo kama kiganja cha mtoto, na povu hilo lilikuwa linapumua. Kipovu kilivimba, kikapasuka, kikaja kingine. Alilitazama kwa muda, mtoto akiwa mgongoni, kisha akalifuta kwa kitambaa cha kufutia mayai akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kutotolesha vifaranga. Bi Mwanamkasi, mfanyabiashara wa mtaa wa Mlabani ambaye wazee wake walihamia Ifakara kutoka pwani na maduka ya vitambaa, alikuwa amejenga nyuma ya nyumba yake chumba kirefu kisicho na dirisha. Ndani yake trei za mayai zilipanda hadi darini, na pembeni ulikaa mtambo uliochemsha maji kwa gesi na kupuliza mvuke chumba kizima. Maana yai linataka joto, lakini linataka na unyevu. Hewa ikikauka, utando wa ndani hukaza kama karatasi, na kifaranga hufia humo humo akiwa ameshatoboa ganda na mdomo wake uko nje.

Mtambo ule ulifungwa na Kelestini, mume wa Sikitu, Mpogoro wa Lupiro, mtu wa mkono mwepesi na maneno machache. Ndiye aliyeweka mtungi wa gesi nje, akapitisha bomba la moshi ukutani, akaacha tundu chini kabisa ya ukuta ili hewa ipite. Kila baada ya wiki mbili alikwangua ukoko wa maji ndani ya tangi. Na kila Jumamosi mchana, wanawake wakienda kula, alijifungia humo peke yake kama nusu saa. Siku hizo aliondoka nyumbani na kipande cha sabuni mfukoni, na Sikitu alimtania, "Baba Omega, kwani huko kazini kuna mto wa kuoga?" Naye alicheka tu, akapanda pikipiki.

Pikipiki hiyo ndiyo iliyomgonganisha na lori la mpunga, njia ya Lupiro. Mtoto wao Omega alikuwa na miezi mitano.

Bi Mwanamkasi alimrudisha Sikitu kazini baada ya msiba, akamruhusu aje na mtoto, na kila saa nne alimletea uji kwa mkono wake mwenyewe. Fundi mwingine hakutafuta. Alisema, "Arobaini ipite kwanza. Sitaki mtoto wa watu amwone mtu baki ameshika spana za mumewe." Ulikuwa wema, na Sikitu aliuona. Lakini kwa siku arobaini hakuna aliyeugusa mtambo ule zaidi ya kuuwasha na kuuzima.

Povu lilirudi siku ya pili. Siku ya tatu aliliona Stumai, mfanyakazi mwenzake, msichana wa kijiji cha Mbingu mwenye mdomo usiokaa kimya.

"Mama Omega, hebu njoo. Hii nini?"

"Sijui. Nilishaifuta juzi."

"Umeifuta kwa mkono?" Stumai alirudi nyuma. "Hayo mate, dada. Kuna kitu kinalala juu ya bomba mdomo wazi."

"Acha maneno yako."

"Basi yalambe tuone."

Walicheka, ila kicheko chao hakikufika mbali. Palikuwa na harufu pia, nzito, kama kitunguu kilichooza. Lakini chumba cha mayai hakikosi yai bovu, na aliyezoea harufu mbaya hashangai ikiongezeka.

Baada ya povu zikaja sauti. Mchana, wakiwa wamekaa ukumbini wanakula, walisikia kutoka ndani ya chumba kilichofungwa: ngo, ngo, ngo. Chuma juu ya chuma. Ikanyamaza, kisha ngo, ngo, ngo, mbele kidogo, kana kwamba mtu anafuata bomba hatua kwa hatua akilisikiliza. Walipofungua hapakuwa na mtu. Mtambo ulikuwa wa baridi, koki ya gesi imefungwa hadi mwisho.

"Sijaigusa mimi," alinong'ona Stumai. "Haki ya Mungu tena."

Wakaiwasha upya. Kesho yake ikafungwa tena. Mlango walioufunga ili mvuke usitoke waliukuta wazi, umeegemezwa jiwe. Gunia waliloziba nalo lile tundu la chini, kuzuia panya, walilikuta limetupwa uani. Mvuke ukapotea, mayai yakakauka, na trei nzima ya vifaranga ikafia kwenye maganda, midomo midogo imetokeza kama inayoomba maji. Sikitu aliviokota kimoja kimoja kwa sababu Bi Mwanamkasi hakuweza kuvitazama.

Hofu yenyewe iliingia Ijumaa, saa tano asubuhi, jua likiwa kali nje. Sikitu alimlaza Omega kwenye mkeka sakafuni, karibu na mtambo, mahali alipomlaza siku zote, akatoka kuchota maji kisimani hatua thelathini tu kutoka mlangoni, na aliporudi na ndoo kichwani mvuke ulikuwa mzito kuliko alivyouacha, mweupe kama maziwa, hata trei hazikuonekana, na katikati ya weupe ule akaona mgongo, au kitu mfano wa mgongo wa mtu aliyeinama pale palipokuwa na mkeka, kikainuka polepole na kubeba kitu kifuani, kikapita mbele yake bila kishindo, bila upepo, kikielekea upande wa mlango, naye akadondosha ndoo na kupapasa mkeka kwa mikono miwili, na mkeka ulikuwa mtupu, wenye joto bado.

Alimkuta Omega juu ya meza ya kuhesabia mayai, kando ya mlango, mahali penye hewa. Alikuwa amelala. Khanga ilikuwa imekunjwa chini yake mara mbili, na trei tupu zilikuwa zimepangwa huku na huku asibiringike. Kilichomtisha Sikitu kupita yote ni hicho: aliyefanya vile alifanya kwa uangalifu.

"Ndivyo yalivyo," Stumai alimwambia kwa sauti ya chini, akimshika bega. "Jini likimpenda mtoto linamlea kwanza. Halafu ndiyo linamchukua."

Sikitu hakulala. Alikuwa ameshamzika mume. Alimfunga Omega kifuani kwa khanga mbili, na kulipokucha alikwenda kwa Bi Mwanamkasi akapiga magoti. "Mama, nisaidie. Linamtaka mtoto wangu."

"Simama, mwanangu. Kwanza, wewe Mkatoliki, utakubali nikuletee ustadhi?"

"Hata ukileta nani."

Ustadhi Abdulswamad alikuwa mzee mwembamba, mpole, aliyevua viatu hata mahali asipohitajika kuvua. Sikitu alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, akamshika Omega utosini na kumsomea kimya kimya kabla ya kuuliza lolote. Kisha akaomba makaa. Alitia ubani kwenye chetezo, akaanza kusoma, akauvuka mlango wa chumba cha mayai.

Makaa yalizimika. Hayakufifia, yalizimika yote mara moja, tsss, kama yaliyomwagiwa maji, na kweli majivu yalikuwa yamelowa. Ustadhi akaomba makaa mengine. Yakazimika pale pale kizingitini. Mara ya tatu alikishika chetezo kwa mikono miwili, sauti yake ikapanda, na wote watatu nyuma yake wakaona chetezo kikipokonywa, kikaruka juu ya vichwa vyao hadi uani na kuvunjika vipande.

"Lina nguvu hili," alisema ustadhi, jasho likimtiririka. "Tena halitaki moto. Nani kati yenu linamfuatia?"

Stumai alimwonyesha Sikitu kwa kidevu.

"Basi mimi ni mgeni kwake. Liambie wewe, mwanangu."

"Nitaliambia nini, ustadhi?"

"Liambie hapa si kwako. Mtoto huyu si wako. Toka, wala usirudi."

Sikitu alisimama mlangoni, Omega kifuani, mvuke ukimlowesha uso. Sauti ilitoka, kwa sababu mama akitetea mtoto sauti hutoka. "Hapa si kwako," alisema. "Mtoto huyu si wako. Toka! Usirudi!"

Kisha wakasikia, mle ndani, sauti ya chuma kikiwekwa chini taratibu, kama fundi anayeacha kazi kabla haijaisha. Mvuke ukapasuka katikati upana wa mtu mmoja, ukafunguka kuelekea mlangoni. Mwanya huo ulipofika mbele ya Sikitu ulisimama. Ulisimama muda ambao mtu angetumia kumtazama mtoto. Halafu ukampita kando bila kumgusa, na nyuma yake ukajifunga.

Jumatatu ilikuwa siku njema. Hapakuwa na povu. Hapakuwa na mgongano wa chuma. Bi Mwanamkasi alileta uji wenye maziwa, na arobaini ikiwa imepita, alisema ameshampigia simu fundi Seifu, aje auangalie mtambo. Stumai alifungua koki na kubonyeza kitufe, lakini umeme ulikuwa umekatika na moto haukushika. "Umeme ukirudi, mtambo utajiwasha," alisema. Wakafunga mlango, wakarudisha gunia kwenye tundu. Sikitu, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, alimlaza Omega kwenye mkeka bila woga, akakaa ukumbini kuchambua mchele.

Fundi Seifu aliingia uani akiwa na mkoba begani. Hakumaliza salamu. Alisimama, akanusa. "Nani yuko mle ndani?"

"Mtoto amelala," alisema Sikitu.

Mkoba ulianguka. "Bi mkubwa, zima swichi kubwa ya nyumba! Sasa hivi, kabla umeme haujarudi! Asiwashe mtu hata kiberiti!" Alikimbilia mtungi, akaufunga, akavuta pumzi na kuingia chumbani ameinama. Alitoka na Omega mikononi. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaning'inia na midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Seifu alikwenda naye mpaka mwisho wa uwanja penye upepo, akampulizia mdomoni, akampulizia tena, huku Sikitu akishika miguu ile midogo na kuita jina lake, na kule nyumba ya jirani redio ikaanza kuimba. Umeme ulikuwa umerudi.

Omega akakohoa. Akalia. Walilia wote.

Waliacha milango wazi zaidi ya saa moja. Kisha Seifu akasema, "Nipeni sabuni na maji kidogo."

"Ya kunawa?" aliuliza Stumai.

"Ya kutafutia."

Alikoroga sabuni kwenye kikombe, akapaka povu kwenye maungio ya bomba moja baada ya jingine, akiligonga kwa spana anapopita: ngo, ngo, ngo. Alifungua gesi kidogo tu. Kwenye ungio la mtambo, povu likaanza kupumua. Kipovu kilivimba, kikapasuka, kikaja kingine.

"Mnaona? Inavujia hapa. Kila fundi anayejua kazi hupima hivi kila wiki." Alifunga koki. "Na gesi hii ni nzito, shemeji, haipai. Inatambaa sakafuni. Ndiyo maana aliyefunga mtambo huu aliacha tundu lile chini. Ukisikia harufu, fungua mlango, funga koki, zuia moto usiingie, na mtoto mnyanyue, umweke juu penye hewa."

Stumai aliweka mkono mdomoni. Sikitu akakaa pale pale sakafuni, na Seifu, asiyejua amesema nini, akavua koti lake akamtandikia.

Jioni ile Sikitu alikwenda kwa ustadhi Abdulswamad, akamweleza yote. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Machozi yalimshuka hadi ndevuni bila kuyafuta.

"Nilimwambia mtoto si wake," alisema Sikitu. "Ustadhi, mwite. Mwambie sikumjua. Mwambie arudi hata siku moja."

"Mwanangu," alisema yule mzee, "kufukuza nilifundishwa. Kuita sikufundishwa."

Alitoka akamsindikiza hadi kwake, akitembea pembeni upande wa barabara yenye magari.

Seifu alibadilisha ungio, akaziba nyufa za bomba la moshi, akawafundisha wanawake wote wawili kupima kwa sabuni. Meza nyingine ililetwa kwa ajili ya kumlazia mtoto, na gunia lilichomwa. Mayai yaliyobaki yakaanguliwa vizuri, chumba kikajaa sauti ndogo ndogo, na Bi Mwanamkasi akapiga vigelegele.

Siku hiyo Omega alikuwa ameketi mwenyewe sakafuni kwa mara ya kwanza, Sikitu akiwa hatua mbili kando yake. Mvuke ulikuwa mwepesi. Mtoto aliinua uso akatazama juu, mahali pasipo na mtu, akatabasamu, akanyoosha mikono yote miwili kama anyooshavyo mtoto anayetaka kubebwa. Akangoja. Mikono ikaanza kutetemeka kwa kuchoka, naye bado akangoja, mpaka ikashuka yenyewe mapajani, na mdomo ukajikunja kulia.

Sikitu akainama, akambeba.