Mawindo Hayatajwi Mapema

Kwaru, kwaru, kwaru. Kulikuwa bado hakujapambazuka niliposikia mume wangu akinoa kisu jikoni. Alinoa polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Nilijua anakwenda kuwinda. Sikumuuliza. Kwetu sisi Wabunun, wenyeji wa milimani, mwindaji haulizwi aendako, wala atarudi na nini. Msitu husikia. Ukimtaja mnyama kabla hujampata, umejisifu, naye atakukimbia.

Nilijua pia kwa nini anajificha. Sikukuu ya masikio ilikuwa karibu. Siku hiyo masikio ya wanyama hutundikwa mtini, na watoto wa kiume huyalenga kwa mshale, hata walio wachanga. Mjukuu wetu wa kwanza alikuwa bado ananyonya. Kwa desturi yetu alipewa jina la babu yake, Haisul. Mmoja hajaota meno, mwingine yamemtoka, nao huitana somo.

Mume wangu alikuwa ameapa kwamba somo wake hatalenga masikio ya nguruwe wa buchani. Lakini mwaka uliopita jirani yetu Tiang alikamatwa na polisi kwa kuwinda bila kibali, akiwa na paa mmoja tu begani. Alisumbuka na kesi mpaka akakonda. Mimi niliogopa. Mzee wangu angefungwa, nani angemshika mtoto mkono siku ya sikukuu?

Nikiwa nimelala, roho juu, moshi wa kuni ukanijia puani. Nikapiga chafya.

Kisu kikanyamaza.

"Abus! Umefanya nini?"

"Nimepiga chafya, baba Biung. Ni moshi huo wako."

"Hukuweza kuibana?"

"Chafya ni mbuzi, niifunge kamba?"

Mwindaji akisikia chafya wakati wa kuondoka, haendi. Mzee alirudisha kisu alani. Alinung'unika sana, lakini alikuja kunifunika blanketi la pili.

Asubuhi alipita Puni, binti wa jirani mwingine. Puni anafanya kazi katika chama cha wawindaji cha kijiji. Chama hicho ndicho kinachozungumza na ofisi ya misitu kwa niaba yetu. Alituletea majani ya viazi vitamu. Alimkuta mzee kizingitini, amenuna.

"Babu, nani kakuudhi?"

"Muulize bibi yako na pua yake."

Puni akacheka. Kisha akauona mkoba wa mawindo mlangoni. Akaketi chini kando ya mzee.

"Ulitaka kwenda bila kuandikishwa, babu?"

"Niandikishwe mimi?" mzee akafoka. "Wajapani walipotawala waliwashusha wazazi wetu kutoka juu mlimani. Bunduki wakachukua. Wakasema msitu usio na hati hauna mwenyewe. Hati tungetoa wapi? Tulikuwa na makaburi na mashamba ya mawele! Wakaondoka wao, ikaja serikali nyingine, nayo ikasema msitu ni wake. Leo nibishe hodi nyumbani kwa babu yangu?"

Puni hakumkatiza. Alimsubiri mpaka pumzi ikatulia.

"La ardhi bado tunalidai, babu, na hatutaacha. Lakini sikukuu haingoji. Kinachokukwaza hasa ni nini?"

"Ile karatasi! Wanataka niandike nitapata mnyama gani, na wangapi, kabla sijatoka. Nimtukane mnyama kwa maandishi?"

"Hilo limekwisha."

"Limekwisha vipi?"

"Watu wetu walikwenda mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi. Walieleza kama unavyoeleza wewe. Majaji wakasema si haki kumlazimisha mwindaji kutaja mapema. Sasa chama chetu kimepatana na ofisi ya misitu. Kabla ya kwenda unasema jina lako, upande wa mlima, na siku ya kurudi. Ulichopata unakieleza baadaye."

"Baadaye?"

"Baadaye. Ila nyama si ya kuuza. Mnyama mwenye mimba aachwe. Na dubu haguswi."

"Dubu ni mwiko tangu enzi za mababu! Wanifundisha hilo mimi?"

"Nakukumbusha tu, babu yangu."

Mzee akakuna kidevu. "Na wasiponiamini nilichopata?"

"Wanakuja kuyaona mataya."

Mzee akageuka kuutazama ukuta wetu. Sisi hutundika mataya ya mawindo ukutani kwa safu, ya babu, ya baba, ya mwana. Ndiyo hesabu yetu, nayo hufanywa nyama ikishaliwa.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kila nikisema neno ofisi, unainuka kwenda kulisha kuku."

Siku hiyohiyo mzee alikwenda na Puni kwenye chama kujiandikisha. Baada ya siku chache aliondoka na mwanetu Biung, jua limeshatoka. Walipita mbele ya kituo cha polisi. Polisi aliwapungia mkono. Mzee naye akapunga, kidogo tu.

Walirudi na nguruwe mwitu mmoja na paa wawili. Tuligawa nyama. Fungu la kwanza mzee alimpelekea Tiang mwenyewe, mpaka mlangoni.

Siku ya sikukuu sisi wanawake, kama desturi ilivyo, tulitazama kutoka nje ya uzio wa uwanja. Mzee alimpakata mjukuu. Akavikunja vidole vyake vidogo kwenye upinde, akavuta naye. Mshale ukagonga sikio la paa. Mtoto akapiga mwayo. Watu wakashangilia kama amemwangusha kulungu. Nililia, na Puni akanipa leso yake.

Ofisi ya misitu ilimtuma kijana Mchina aitwaye Lin kuyaangalia mataya. Alivua kofia mbele ya ukuta wetu, akaandika. Kisha, kwa nia njema kabisa, akauliza, "Mzee, mwakani mtapata wangapi?"

Biung akashika kichwa. Mume wangu akachukua kipande kinono cha nguruwe, akakitia kinywani mwa kijana.

"Kula, mwanangu. Mdomo ukijaa, hauharibu kitu."

Tulicheka mpaka machozi. Puni alipomweleza kosa lake, Lin akawa mwekundu kama pilipili. Aliomba radhi. Mzee akamjazia kikombe cha pombe ya mawele.

Jioni Lin aliaga. Katika miaka yote ya ndoa yetu, sijaona mume wangu akimsindikiza mtu wa serikali. Huyu alimsindikiza mpaka kwenye gari, akamfungia mlango, kisha akainama dirishani.

"Uje tena," alimwambia. "Usingoje uwe na kazi. Uje hata siku ambayo hatuna nyama."